Somo la Usalama Nyumbani: Kutundika Runinga Ukutani Bila Hatari



Runinga bapa za siku hizi ni nyembamba, na wembamba huo ndio unaotudanganya. Mtu huiona nyepesi, akaiweka juu ya kabati jembamba au akaitundika kwa skrubu mbili alizozipata kwenye droo. Mwezi wa kwanza hapatokei kitu. Siku moja mtoto anafungua droo za kabati, anazipanda kama ngazi ili afikie rimoti, na kabati pamoja na runinga vinamwangukia. Au skrubu zinachomoka polepole pamoja na unga wa lipu, hadi usiku ambapo chombo kizima kinashuka juu ya godoro wanapolala watoto.

Ajali za namna hii huzuilika. Somo hili linaeleza jinsi ya kuutambua ukuta wako, kuchagua braketi na skrubu zinazofaa, kuepuka nyaya za umeme na kuijaribu kazi kabla ya kuiamini. Hata kama utamwita fundi, soma hadi mwisho ili ujue cha kumuuliza.

Tutatumia mfano mmoja: familia ya kupanga, nyumba ya matofali ya saruji yaliyopigwa lipu, runinga ya inchi 43 yenye uzito wa kilo 10, na mtoto wa miaka 3.

1. IJUE RUNINGA YAKO

Angalia kibandiko kilicho nyuma ya runinga au kijitabu chake. Unahitaji mambo matatu.

Kwanza, uzito wake bila miguu. Runinga nyingi za inchi 32 zina kilo 4 hadi 6, na za inchi 43 huwa kati ya kilo 7 na 10. Za inchi 55 na kuendelea mara nyingi hupita kilo 12.

Pili, umbali kati ya matundu manne ya skrubu yaliyo mgongoni. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine, kwa upana na kwa urefu. Vipimo vya kawaida ni kama milimita 200 kwa 200, au 400 kwa 400. Kwenye boksi la braketi vipimo hivi huandikwa karibu na herufi VESA. Visipolingana na runinga yako, usinunue.

Tatu, unene na urefu wa skrubu zinazoingia mgongoni mwa runinga. Skrubu ndefu kupita kiasi hutoboa vifaa vya ndani, na fupi mno hushika nyuzi mbili tatu tu kisha ikachomoka.

Ikiwa runinga yako ni ya zamani, ile yenye mgongo mnene wa kioo, usijaribu kuitundika. Uzito wake mwingi uko mbele na ni rahisi kupinduka. Iweke juu ya meza pana, fupi na imara.

2. CHAGUA BRAKETI

Kuna aina tatu. Ya kwanza haisogei, huilaza runinga karibu na ukuta. Ya pili huinamisha uso wa runinga kidogo kuelekea chini. Ya tatu ina mkono unaokunjuka, unaweza kuivuta runinga mbele na kuigeuza upande.

Watu wengi hupenda ya mkono, lakini ndiyo inayoutesa ukuta zaidi. Chukua jerikeni ya maji ya lita 10 uishike karibu na kifua, halafu unyooshe mkono ukiwa bado umeishika. Maji ni yale yale, ila bega linalalamika. Ukuta nao huumia vivyo hivyo.

Tupige hesabu. Runinga ya kilo 10 imekaa sentimita 5 kutoka ukutani, na safu ya juu ya skrubu iko sentimita 20 juu ya safu ya chini. Nguvu inayojaribu kuzing'oa skrubu za juu ni 10 × 5 ÷ 20, yaani kama kilo 2 na nusu. Ukiivuta runinga hiyo kwa mkono hadi sentimita 45, hesabu inakuwa 10 × 45 ÷ 20, yaani zaidi ya kilo 22. Runinga ni ile ile, lakini mvuto umekuwa mara 9. Mtoto akining'inia hapo, mambo yanaharibika.

Kwa hiyo, kama ukuta wako si wa jiwe au zege imara, kaa mbali na braketi ya mkono. Na kwa aina yoyote, chagua braketi iliyoandikwa kwamba inabeba uzito mkubwa kuliko wa runinga yako, si uzito ulio sawa nao.

Familia yetu ya mfano imechagua ya pili, ile ya kuinamisha. Sababu itaonekana katika sehemu ya 5.

3. UJUE UKUTA WAKO

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukilia mzito na mfupi, ndani ni kitu kigumu. Ukilia kama debe tupu, kuna uwazi, au lipu imeachana na tofali. Mahali lipu ilipoachana hapafai kutundika chochote.

Jiwe la machimbo, tofali la saruji au zege: Hizi ndizo kuta bora. Toboa katikati ya tofali, usitoboe kwenye kiungo cha saruji kati ya tofali na tofali, wala karibu na pembe ya ukuta. Kwenye nguzo ya zege, drili ikigonga chuma, acha tundu hilo na usogee.

Jiwe la tumbawe: Nyumba nyingi za pwani zimejengwa kwa jiwe hili. Ni laini na lina vishimo vya asili. Toboa bila kuwasha mtindo wa nyundo kwenye drili, na tumia vigingi virefu zaidi. Tundu likibomoka na kupanuka, usijaze vijiti vya kiberiti au karatasi. Hamisha tundu.

Tofali lenye uwazi ndani: Kigingi cha kawaida huzunguka bure humo. Uliza dukani kigingi cha kufunguka kwa nyuma, au boliti inayopita hadi upande wa pili na kufungwa kwa nati na bamba.

Ukuta wa jipsamu: Ubao wa jipsamu wenyewe haubebi runinga. Skrubu lazima ziingie kwenye miti iliyo nyuma yake. Kama fremu ni ya bati jembamba, fundi afungue na kuweka ubao mgumu nyuma.

Ukuta wa mbao: Funga kwenye nguzo, si kwenye mbao za kufunikia.

Ukuta wa mabati: Usitoboe bati na kulitundikia runinga. Bati huchanika, na jambo baya zaidi ni kwamba bati hupitisha umeme. Waya mmoja uliochubuka ukiligusa, ukuta mzima unaweza kuwa na umeme, na atakayeuegemea nje atapigwa. Funga ubao mgumu kutoka nguzo hadi nguzo, utundike kwenye ubao huo, na waya upite mbali na bati.

Ukuta wa udongo na fito: Udongo haushiki skrubu. Kama nguzo ni nzima na hazijaliwa na mchwa, ubao wa kutoka nguzo hadi nguzo unaweza kubeba runinga ndogo. La sivyo, meza fupi ndilo jibu. Hakuna aibu kwenye meza.

Ikiwa umepanga, mwulize mwenye nyumba kwanza. Yeye ndiye anayejua ukuta ulijengwa kwa nini na nyaya zilipita wapi.

4. NYAYA NA MABOMBA YALIYOFICHWA

Umeme wa majumbani nchini Kenya ni volti 240, na huo unatosha kuua. Nyaya zilizozikwa ukutani kwa kawaida hupanda, hushuka au kwenda kando moja kwa moja kutoka kwenye soketi, swichi au taa. Simama mbele ya ukuta, tazama kila soketi na swichi, na ufikirie mstari wa kwenda juu, chini na pande zote mbili kutoka hapo. Usitoboe ndani ya mistari hiyo. Kumbuka pia kwamba swichi iliyo upande wa pili wa ukuta ina mistari yake.

Ukuta unaopakana na bafu au jikoni unaweza kuwa na bomba la maji. Fuata kanuni hiyo hiyo kutoka kwenye mfereji.

Kabla ya kutoboa, zima umeme wa chumba hicho kwenye kisanduku cha fyuzi, kisha uhakikishe kwa kuchomeka taa kwenye soketi: isiwake. Drili ya betri ndiyo bora kwa kazi hii. Kama ni ya waya, chukua umeme kutoka chumba kingine chenye fyuzi yake. Ukiwa na shaka yoyote, mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA. Ana haki ya kulipwa na wewe una haki ya kuiona leseni.

5. UREFU UNAOFAA

Kwa macho na shingo, katikati ya kioo inafaa iwe karibu na usawa wa macho ya mtu aliyeketi, yaani kama sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Lakini runinga ya inchi 43 ina kimo cha sentimita 56 hivi. Katikati ikiwa sentimita 110, ukingo wa chini unakuwa sentimita 82. Hapo mtoto wa miaka 3 anaufikia bila hata kunyoosha mkono.

Nyumba yenye watoto wadogo, pandisha ukingo wa chini hadi sentimita 120 hivi, na utumie braketi ya kuinamisha ili wanaoketi wasiumie shingo. Ndiyo sababu ya chaguo la familia yetu.

Sasa tafuta mstari wa kutoboa. Runinga ikiwa imelazwa, pima kutoka ukingo wa chini hadi matundu ya juu ya mgongoni. Tuseme ni sentimita 35. Basi matundu hayo yatakaa 120 + 35, yaani sentimita 155 kutoka sakafuni. Shikanisha vipande vya braketi chini kwanza, uone ndoano inakaa juu au chini ya tundu hilo kwa kiasi gani, kisha urekebishe kipimo.

Usitundike juu ya jiko, mkabala na dirisha linaloingiza mvua, wala mahali panapopigwa na jua la mchana. Na chini ya runinga usiweke kochi au kabati la kupandia.

6. VIFAA

Tepu ya kupimia, penseli, pimamaji, drili, ncha ya kutobolea ukuta, nyundo, spaneri, bisibisi, miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi. Vigingi ni vile vya plastiki vyenye meno vinavyoingizwa tunduni ili skrubu ivitanue. Vilivyomo kwenye boksi la braketi mara nyingi ni vifupi. Peleka kipimo cha lipu yako dukani ununue vinavyotosha. Kwa wanaoishi karibu na bahari, nunua skrubu zisizoshika kutu. Hewa ya chumvi hula chuma kimyakimya.

Kanuni ya urefu ni hii: lipu haihesabiwi. Familia yetu ina lipu ya milimita 15, na kigingi chenye upana wa milimita 10 na urefu wa milimita 50. Kigingi chote kinapaswa kukaa ndani ya tofali. Tundu basi ni 15 + 50, pamoja na 10 za vumbi litakalobaki: jumla milimita 75. Skrubu ni 15 + 50, pamoja na unene wa braketi: nunua ya milimita 70, yenye unene wa milimita 8.

7. HATUA ZA KAZI

Kazi hii ni ya watu wawili wazima. Watoto wakae nje ya chumba.

Hatua ya 1. Laza runinga kifudifudi juu ya godoro au blanketi safi. Funga vipande vya braketi mgongoni kwa mkono hadi vikaze, kisha malizia taratibu kwa bisibisi.

Hatua ya 2. Weka bamba la ukutani mahali pake, likae sawa kwa pimamaji, na utie alama kwa penseli. Tumia angalau matundu manne, mawili juu na mawili chini.

Hatua ya 3. Kagua tena mistari ya nyaya. Zima umeme.

Hatua ya 4. Zungushia ncha ya drili kipande cha tepu kwenye kina cha milimita 75. Toboa ukiwa umenyooka, bila kuyumbisha mkono. Unga ukibadilika rangi na ugumu, umepita lipu na kuingia kwenye tofali. Usipohisi mabadiliko hayo, au drili ikatumbukia ghafla, simama uchunguze.

Hatua ya 5. Toa vumbi lote. Pampu ya baiskeli inafaa sana, vaa miwani. Kigingi kilichoingia kwenye vumbi huteleza, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Hatua ya 6. Gonga vigingi taratibu. Vikiingia bila upinzani wowote, tundu ni kubwa mno. Vipitishe lipu kwa kuvisukuma kwa skrubu hadi vikae ndani ya tofali.

Hatua ya 7. Funga bamba. Kaza hadi lishike, kisha acha. Skrubu inayoendelea kuzunguka bila kukaza haijashika kitu, na tundu hilo halihesabiki.

Hatua ya 8. Jaribu kabla ya kuamini. Funga jerikeni ya lita 20, ikiwa imejaa maji na kifuniko kimekazwa, uitundike kwa kamba kwenye bamba. Hizo ni kilo 20, mara mbili ya uzito wa runinga yetu. Umeme ukiwa bado umezimwa, iache kwa saa moja. Bamba likisogea hata kidogo, au lipu ikipasuka, toa na uanze upya mahali pengine. Ni afadhali ianguke jerikeni.

Hatua ya 9. Inueni runinga wawili, muitundike, na mfunge skrubu au kufuli za chini zinazoizuia kunyanyuka. Wengi husahau kufuli hizi. Bila hizo, mtu anayefuta vumbi anaweza kuinua runinga kutoka kwenye ndoano bila kukusudia.

8. UMEME WA RUNINGA

Waya usining'inie mahali mtoto anaweza kuuvuta. Ubane ukutani kwa vibanio. Usizike waya wa runinga wala wa ekstenshoni ndani ya lipu, na usiupitishe chini ya mkeka. Kama soketi iko mbali, fundi wa umeme aongeze soketi nyingine.

Runinga ya wati 100 hutumia chini ya nusu ya ampea. Plagi yake inatosha kuwa na fyuzi ya ampea 3 au 5, kulingana na kijitabu, si ile ya 13 na kamwe si kipande cha waya.

Radi ikianza, chomoa plagi ya umeme na waya wa antena mapema, wala usivishike radi ikiwa imekaribia. Unaposimamisha mlingoti wa antena, uwe mbali na nyaya za umeme kiasi kwamba hata ukianguka hauwezi kuzifikia.

9. BAADA YA HAPO

Kila miezi 6, shika runinga kwa mikono miwili uitikise kidogo. Angalia kutu, unga mpya wa lipu sakafuni na nyufa kuzunguka skrubu. Ukiona moja kati ya hayo, ishushe leo.

Anayetumia kabati au meza, afunge mkanda imara kutoka mgongoni mwa runinga hadi ukutani, afunge na kabati lenyewe ukutani, na asiweke rimoti, pipi au midoli juu yake.

Ajali ikitokea: zima umeme kwanza kabla ya kumgusa aliyeshikwa na umeme. Mtoto aliyeangukiwa kichwani apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama amenyamaza na kurudi kucheza. Akitapika, akisinzia kupita kawaida au akizimia, usingoje. Nambari za dharura ni 999 na 112.

JIPIME

1. Lipu ni milimita 20, kigingi ni milimita 60. Tundu liwe na kina gani?
2. Swichi ya taa iko moja kwa moja chini ya mahali unapotaka kutoboa. Utafanya nini?
3. Fundi anasema skrubu mbili zinatosha, na hana haja ya kujaribu. Utamjibuje?

Majibu: 1. Milimita 90, yaani 20 + 60 + 10. 2. Utahamisha mahali pa kutoboa, kwa sababu yaelekea waya unapanda hapo. 3. Utamwomba aweke nne na kutundika jerikeni mbele yako kabla ya kumlipa.

Hifadhi ukurasa huu, na umsomee jirani aliyenunua runinga mpya.